Mafiga Matatu ya Gazeti

Wazee wa pwani husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe, na katika miji ya kale kama Lamu, Pate na Mombasa pembe ndiyo iliyowakusanya watu wapate kuambiwa jambo. Ilipolia mtaani, mwenye kushona aliweka sindano, mwenye kupika alipunguza moto, na kila mtu alitoka mlangoni kusikiliza. Hapana aliyetaka kupitwa, kwa maana habari yaweza kuwa vita, yaweza kuwa chombo kilichoingia bandarini, na yaweza kuwa amri mpya ya mtawala.

Lakini pembe ile ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilikuwa mali ya mtawala. Ilisema aliyotaka yeye yasemwe, ikanyamazia aliyotaka yanyamaziwe. Na raia aliyedhulumiwa hakuwa na pembe yake ya kumjibu. Mwandishi wa habari wa zama zetu ni mrithi wa yule mpiga pembe. Kazi yake ni ile ile ya kuwaita watu wasikie. Tofauti yao ni moja tu, nayo ni tofauti kubwa: mpiga pembe alimtumikia aliyemtuma, na mwandishi wa habari hupaswa kuwatumikia wanaomsikiliza.

Tofauti hiyo haikuja yenyewe katika nchi ya Kenya. Ilitafutwa kwa muda wa miaka mingi, na waliyoitafuta waliilipia kwa mali, kwa vifungo na kwa uhamisho. Katika insha hii tutaifuata safari hiyo hatua kwa hatua, tuone jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Tunapolisifu gazeti, humsifu mwandishi peke yake, kana kwamba kalamu ilitosha. Lakini figa moja haliinjiki chungu. Gazeti nalo lina mafiga matatu: yuko anayeandika, yuko anayepiga chapa, na yuko anayesoma. Likiondolewa moja, chungu humwagika, hata kama mawili yaliyobaki ni imara kama mwamba.

Tuanze na gazeti lililoanzishwa mjini Mombasa mwaka 1902. Mwenye kulianzisha alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, ambaye alipata utajiri wake katika siku za kujengwa kwa reli ya kwenda Uganda. Aliliita African Standard. Lilikuwa gazeti la Kiingereza, na habari zake zilikuwa habari za meli, za bei, za serikali na za wageni waliokuwa wakiingia nchini. Mwaka 1905 Jeevanjee aliliuza, na wanunuzi wakalipa jina la East African Standard. Mwaka 1910 gazeti likahamia Nairobi, ambako makao makuu ya serikali yalikuwa yamekwisha kuhamia, na ambako walowezi walikuwa wakiongezeka kila mwaka.

Hapo pana funzo la kwanza. Jeevanjee alikuja kuwa mtetezi mashuhuri wa haki za Wahindi wa Kenya, watu waliokatazwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu na walionyimwa usawa katika kupiga kura. Naye aliposimama kudai haki hizo, gazeti aliloliasisi kwa fedha zake lilikuwa limekwisha kuwa sauti ya walowezi, wapinzani wake. Aliyeunda chombo akawa hana nafasi ndani yake. Gazeti humfuata anayelimiliki kama kivuli kimfuatavyo mtu. Na kivuli hakiulizi ni nani aliyekuwa amesimama hapo jana.

Na Mwafrika je? Katika magazeti ya siku zile Mwafrika alitajwa sana. Alitajwa katika habari za kodi, za vibarua, za kipande na za mashauri ya mahakamani. Alikuwa mtu wa kusemwa, hakuwa mtu wa kusema. Yalikuwapo pia magazeti ya Kiswahili ya wamisionari na ya serikali, na hayo yalikuwa na faida zake, kwa maana yaliwafundisha watu wengi kusoma, na yaliwazoesha kuona lugha yao juu ya karatasi. Gazeti la Msimulizi lilitolewa na wamisionari wa Unguja tangu mwaka 1888. Huko Tanganyika serikali ilianza kutoa Mambo Leo mwaka 1923. Lakini hata katika kurasa hizo pembe ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Msomaji aliweza kuandika barua ya kushukuru kwa shule mpya. Kuandika barua ya kuuliza kwa nini shamba la baba yake limechukuliwa lilikuwa jambo jingine.

Mwafrika wa kwanza wa Kenya kujulikana sana kwa kulishika figa la pili alikuwa Harry Thuku. Kijana huyu wa Kiambu, kabla hajajulikana katika siasa, alifanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la Leader, ambalo nalo lilikuwa gazeti la walowezi mjini Nairobi. Yafaa vijana wa leo waelewe kazi hiyo ilivyokuwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini. Mpanga herufi alizichukua moja moja kutoka katika visanduku vyake, akazipanga mstari baada ya mstari, tena kwa kinyume, ili zitokapo juu ya karatasi zisomeke sawasawa. Mtu hawezi kuifanya kazi hiyo siku nyingi bila kuyasoma anayoyapanga. Kwa hiyo walowezi walipokuwa wakiandikiana juu ya ardhi na juu ya ujira wa vibarua, kijana aliyekuwa akiyapanga maneno yao alikuwa akijifunza mawazo yao, na wao hawakushughulika naye.

Mwaka 1921 Thuku, ambaye wakati huo alikuwa karani wa simu katika ofisi ya serikali, alianza kuwaongoza wenziwe kupinga kodi, kipande, na kupunguzwa kwa ujira. Alitoa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Aliyemsaidia alikuwa Manilal A. Desai, mhariri wa gazeti la Kihindi la East African Chronicle, ambaye alimfungulia mlango wa ofisi yake na wa mtambo wake wa kupiga chapa. Tazama jinsi mambo yalivyoungana: kalamu ya Mwafrika, mtambo wa Mhindi, na lugha ya Kiswahili iliyoweza kumfikia mtu wa Kiambu, mtu wa Kavirondo na mtu wa Mombasa bila mkalimani. Mafiga matatu yalikutana, na chungu kikaanza kuchemka.

Serikali iliona mvuke. Mwezi wa Machi 1922 Thuku alikamatwa. Watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka afunguliwe, na tarehe 16 Machi walipigwa risasi. Watu wengi walikufa. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa kizuizini miaka mingi. Gazeti la Chronicle nalo halikudumu baada ya dhoruba ile. Hivyo ikajulikana mapema kwamba ghadhabu ya mtawala haimfuati mwandishi peke yake. Humfuata pia aliyemwazima mtambo.

Baada ya miaka michache pembe ilisikika tena, mara hii kutoka pande mbili za nchi. Mjini Nairobi, mwezi wa Mei 1928, chama cha Kikuyu Central Association kilitoa gazeti la kila mwezi kwa lugha ya Kikuyu, likaitwa Muigwithania, maana yake mpatanishi, yaani mwenye kuwafanya watu wasikizane. Mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jomo. Alikuwa ameacha kazi ya kusoma mita za maji katika Halmashauri ya Nairobi apate kukitumikia chama. Gazeti lake halikujaa matusi, kama wengine walivyodhani. Liliwahimiza watu wasome, wafanye kazi kwa bidii, watunze mila zilizo njema na waidai ardhi yao kwa umoja.

Upande wa pili ulikuwa Mombasa. Huko Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa karatasi iliyoitwa Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo. Mwanachuoni huyu mkubwa angeweza kuwaandikia wanazuoni wenziwe kwa Kiarabu peke yake, akasifiwa nao. Hakuridhika na hayo. Aliandika kwa Kiswahili pia, ili maneno yafike kwa mwuza samaki na fundi seremala. Aliwaonya watu wa pwani juu ya uvivu, juu ya kupuuza elimu, na juu ya kuiga mageni bila kupima lenye faida na lenye hasara. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, lakini hata kabla ya cheo hicho alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa umma kwa njia ya karatasi.

Wahariri hawa wawili walitofautiana katika dini, katika lugha na katika shabaha. Walilingana katika jambo moja: kila mmoja aliwaambia watu wake ukweli uliowauma. Kenyatta hakuwaambia Wakikuyu kwamba shida zao zote zilitoka kwa Wazungu, wala Sheikh Al-Amin hakuwaambia Waislamu wa pwani kwamba kuanguka kwao kulikuwa ni kosa la wengine tu. Mwandishi anayewasifu wasomaji wake kila siku ni kama mganga anayemwambia mgonjwa kwamba ana afya. Hupendwa mpaka siku ya mazishi.

Sasa tulitazame figa la tatu. Katika miaka ile watu waliojua kusoma walikuwa wachache, na fedha ya kununulia gazeti ilikuwa haba. Mtu angeweza kudhani kwamba gazeti la nakala chache halina nguvu. Lakini gazeti moja halikuwa la mtu mmoja. Mwalimu wa shule alilinunua, akalisoma kwa sauti chini ya mti. Karani alilibeba likizoni mpaka kijijini, na wazee wakamzunguka. Katika hoteli za chai za Nairobi mmoja alisoma, mmoja alifasiri, na kumi walisikiliza; kisha kila mmoja wa wale kumi akaenda kwake na habari mdomoni. Wasikilizaji wale hawakuwa kama mitungi ya kutiliwa maji. Waliuliza, walibisha, walirudisha msomaji nyuma asome tena mstari ule ule. Habari iliyopita katika tanuri la namna hiyo ilitoka imepikwa.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, serikali ilizidi kuogopa. Mwaka 1940 chama cha Kikuyu Central Association kilipigwa marufuku, na Muigwithania likazimika pamoja nacho. Mwaka mmoja kabla yake, 1939, kampuni ya East African Standard ilikuwa imeanzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza. Gazeti hilo lilileta habari za vita na za nchi mpaka vijijini, na wasomaji wengi walilipenda. Hatusemi kwamba lilikuwa gazeti baya. Lakini msomaji aliyetaka kusikia Mwafrika akisema kwa idhini yake mwenyewe alikuwa bado anangoja.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Askari Waafrika walirudi kutoka Burma na kwingineko, nao walikuwa wameona mengi. Walikuwa wameambiwa kwamba wanapigania uhuru wa dunia. Waliporudi wakakuta kipande kile kile na ardhi ile ile mikononi mwa wengine. Katika mwaka huo mfanyakazi mmoja wa reli, Henry Muoria, aliyezaliwa Kabete mwaka 1914, alifanya jambo ambalo jirani zake lazima waliliona kuwa ni wazimu. Aliacha kazi yenye mshahara wa kila mwezi, akaanzisha gazeti. Hakuwa amesomea chuo kikuu. Ufundi wa uandishi aliujifunza kwa masomo ya posta, baada ya saa za kazi. Gazeti lake la Kikuyu aliliita Mumenyereri, maana yake mtunzaji, mwenye kuangalia kitu kisipotee wala kisiharibike. Jina hilo ni tafsiri nzuri ya kazi nzima ya mwandishi wa habari.

Muoria hakuwa peke yake. Achieng Oneko alitoa Ramogi kwa lugha ya Kijaluo. Magazeti mengine madogo yalitokea kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo. Mengine yaliishi miaka, mengine miezi. Ile ilikuwa miaka ya mambo makubwa. Mwezi wa Septemba 1946 Kenyatta alirejea kutoka Uingereza. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mji mzima ukasimama. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama huko Uplands walipigwa risasi na polisi, na baadhi yao wakafa. Kila tukio lilikuwa na habari zake mbili, habari iliyotoka ofisini na habari iliyotoka barabarani, na watu walitaka kuzisikia zote mbili ili wapime wenyewe.

Nani aliyapiga chapa magazeti hayo? Hapa tunarudi kwa wapiga chapa Wahindi wa Nairobi, na mashuhuri zaidi kati yao alikuwa Girdhari Lal Vidyarthi. Alikuwa mwanzilishi wa gazeti la Colonial Times, lililoanza mwaka 1933, na alitoa pia gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Dunia. Mtambo wake uliwafaa Waafrika waliokuwa na maneno lakini hawakuwa na chuma cha kuyapigia chapa. Serikali ilimshitaki kwa uchochezi, akatozwa faini. Akashitakiwa tena, akafungwa. Alipotoka gerezani alirudi kwenye mtambo wake. Jina lake halitajwi sana katika nyimbo za uhuru, kwa kuwa mkono wa mpiga chapa huacha alama juu ya karatasi lakini hauweki sahihi.

Tusidhani kwamba watu hawa waliandika bila hofu. Sheria ya uchochezi ilikuwa pana kama wavu wa juya, wala mwandishi hakuweza kujua kwa yakini ni neno gani litakalomnasa. Kwa hiyo alijifunza kupima. Aliandika kwa mafumbo na methali, au alichapa hotuba ya mtu mwingine neno kwa neno. Namna hiyo ya kuandika ilihitaji msomaji hodari, anayeelewa lililosemwa na lililoachwa. Figa la tatu likawa linabeba uzito ambao figa la kwanza halikuweza kuubeba peke yake.

Mwaka 1952 mafiga yote matatu yalipigwa kwa pamoja. Sheria mpya ya kuidhibiti mitambo ya kupiga chapa ilipitishwa. Tarehe 20 Oktoba Hali ya Hatari ikatangazwa. Magazeti ya Waafrika yenye kusema siasa yalipigwa marufuku, Mumenyereri likiwamo. Achieng Oneko alikamatwa, akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzao wanne; na hata rufani ilipomwondolea hatia hiyo, hakuachwa huru, bali aliendelea kuwekwa kizuizini. Wasomaji walitiwa katika vijiji vyenye maboma na katika kambi, mahali ambapo kukutwa na karatasi iliyokatazwa kungeweza kumtia mtu hatarini.

Muoria alikuwa London siku hizo. Alikuwa amekwenda kwa safari, akajikuta mkimbizi. Gazeti lilikuwa limekufa, marafiki walikuwa kifungoni, na nyumbani palikuwa na hatari. Mtu aliyeacha kazi ya reli ya Kenya apate kuwa mhariri akaajiriwa katika reli ya chini ya ardhi ya London, apate kuwalisha watoto. Miaka ikapita. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na aliowaandikia habari zao wakawa mawaziri. Yeye alibaki ugenini, akiendelea kuandika usiku, mara nyingi bila mchapishaji. Kitabu cha maisha yake kilitoka Nairobi mwaka 1994, alipokuwa mzee wa miaka 80. Alifariki mwaka 1997. Msomaji akiuliza uandishi wa habari hugharimu kiasi gani, jibu moja ni hilo: uligharimu nusu ya pili ya maisha ya mtu.

Ingekuwa vizuri kama tungeweza kuimaliza hadithi hapo, tukasema kwamba bendera ilipobadilika pembe ikawa huru. Historia haituruhusu. Achieng Oneko, mhariri wa zamani na mfungwa wa zamani, alikuwa Waziri wa Habari wa kwanza wa Kenya huru. Miaka michache baadaye aligombana na serikali, na mwaka 1969 akawekwa kizuizini tena, safari hii na Waafrika wenziwe, mpaka mwaka 1975. Sheria ya uchochezi iliyotungwa na wakoloni haikutupwa baharini pamoja na bendera yao. Ilihifadhiwa katika kabati, nayo ikatolewa kila ilipohitajika. Mwaka 1988 jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kuandika juu ya udanganyifu katika uchaguzi, na mhariri wake akafungwa. Mwaka 1990 Nairobi Law Monthly nalo likapigwa marufuku, baada ya mhariri wake kukamatwa. Ilipofika mwaka 1997 ndipo Bunge lilipoifuta sheria ya uchochezi, na katika Katiba ya mwaka 2010 uhuru wa vyombo vya habari uliandikwa waziwazi katika kifungu cha 34.

Basi hatari haikutoka kwa rangi ya mtawala. Ilitoka kwa tabia ya madaraka yenyewe, ambayo hupenda kioo kinachosifu na huchukia kioo kinachoonyesha kovu.

Lakini ni lazima pia tuseme jambo la upande wa pili, ili tusije tukamfanya mwandishi kuwa malaika. Kalamu ni kama kisu cha jikoni: hukata mboga, na hukata kidole. Mwaka 1994 nchi ya Rwanda iliingia katika mauaji ya halaiki, na redio na gazeti vilitumika kuwasha chuki. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wa gazeti la Kangura pamoja na waasisi wa kituo cha redio, kwa mchango wao katika uovu huo. Wala Kenya haikusalimika. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na tume iliyochunguza machafuko hayo ililaumu, pamoja na mengine, matangazo ya baadhi ya vituo vya redio vya lugha za wenyeji. Lugha ya mama, ambayo Muoria na Oneko waliitumia kuwaamsha watu, iliweza pia kutumika kuwatenganisha.

Ni nini basi kinachomtenga mtunzaji na mchochezi, ikiwa wote wawili huandika, na wote wawili hudai kwamba wanawapenda watu wao? Jibu limo katika namna ya kufanya kazi. Mwandishi wa kweli haanzi na hasira yake. Huanza na swali. Huenda mahali penyewe akaone kwa macho. Humwuliza aliyepigwa, kisha humwuliza aliyepiga. Akiambiwa jambo na mtu mmoja, hulitafutia shahidi wa pili. Hutenganisha alichokiona, alichoambiwa na anachodhani, wala hamwachi msomaji avichanganye vitatu hivyo. Akikosea, husahihisha mahali pale pale alipokosea, na kwa sauti ile ile. Mchochezi hana haja ya taratibu hizo, kwa kuwa amekwisha kujua jibu kabla ya kuuliza. Sheria ya mkoloni iliwaita wengi wachochezi kwa sababu waliisumbua serikali. Lakini uchochezi wa kweli ni kumfanya mtu amchukie jirani yake kwa uwongo.

Na hapa nawageukia ninyi vijana, maana katika mafiga matatu ninyi mmekwisha kulishika moja, mtake msitake. Si kila mmoja wenu atakuwa mwandishi, na wachache watamiliki mtambo. Lakini nyote ni wasomaji. Siku hizi habari haingoji gari la moshi wala haipangwi kwa herufi za madini. Humfikia mtu mkononi, katika simu yake, kabla hajaamka vizuri. Kila mtu anaweza kuandika, kupiga chapa na kutawanya kwa kidole kimoja. Mafiga matatu yamekuwa kama yamewekwa katika kiganja cha mtu mmoja, na kwa hiyo wajibu wa wote watatu umemwangukia yeye.

Wale wazee waliokaa chini ya mti wakisomewa hawakuwa na shule kama zenu, lakini walikuwa na desturi ambayo haifai kuachwa. Walisema, «Soma tena hapo.» Waliuliza, «Ni nani aliyesema hivyo? Aliona mwenyewe?» Hawakuinuka kwenda kuwasimulia wengine kabla ya kuridhika. Swali lao lilikuwa ulinzi wa mwandishi mkweli, kwa maana lilimpa thamani. Na lilikuwa ufunguo wa kumkamata mwongo. Taifa ambalo wasomaji wake hawaulizi litapata waandishi wanaolistahili.

Muoria alikuwa na kalamu, na Vidyarthi alikuwa na mtambo. Wote wawili wangekuwa wamehangaika bure kama pasingekuwa na watu wasiojulikana majina, waliotoa senti zao wakanunua karatasi nyembamba, wakaisoma mpaka ikachakaa, kisha wakampa jirani. Hao hawakuandikwa mahali popote. Lakini chungu cha uhuru kilipikwa juu ya mafiga matatu, na figa moja lilikuwa lao.